Kichwa cha Bastola

Machi 4

Dada,

Shikamoo. Kabla hujafungua mfuniko wa pili, kaa chini kwanza. Siyo zawadi. Ni kichwa cha mbwa.

Najua unataka niulize kwanza watoto, mgongo wako na kazi ya maabara. Haya, hamjambo? Tuendelee. Ni kichwa cha Bastola, yule mweusi mkubwa aliyekurarulia mkoba ulipokuja kututembelea. Tangu juzi alikuwa haeleweki. Alitafuna wavu wa banda mpaka meno mawili yakabaki kwenye waya. Alimrukia mbwa mwenzake Risasi akamng'oa sikio, akala. Udenda unamtoka, sauti imebadilika, anabweka kama mtu aliyekabwa koo. Mume wangu akaingia bandani na nondo. Unamjua Kamanda, neno kungoja hajawahi kulisikia. Alimpiga mgongoni, mnyama akaona kama anapapaswa, akazidi kuja. Akampiga taya. Akampiga shingo. Bastola alishalala chini na bado nondo inapanda na kushuka, mimi nimeziba masikio nyuma ya jiko. Leo asubuhi nimesugua ule ukuta kwa brashi na damu bado inaonekana.

Kamanda anasema ni sumu. Anasema majirani wanamwonea wivu kwa sababu mbwa wake wa ulinzi wanauzika. Mimi nikakumbuka maneno yako: mnyama akibadilika tabia, usimsikilize mtu, niletee kichwa. Basi alipotoka kwenda kwa wateja nilimfukua Bastola nikakata mwenyewe, kwa panga la jikoni. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi kama ulivyonifundisha. Wa kulia ulipasuka, lakini nilinawa. Sanduku nimempitishia konda wa basi juu ya ukuta, geti lilikuwa limefungwa. Nimemwambia ni maini. Kama amekuuliza bei, msamehe.

Usipige simu, yangu imeangukia kwenye ndoo ya maji. Jibu kwa sanduku hili hili, karatasi ibandike ndani ya mfuniko.

Hakuna aliyeumwa. Mimi nina kidonda tu mkono wa kulia, nilijigonga kwenye bawaba ya mlango, nacho kitapona.

Mdogo wako,
mpishi wa mbwa

*

Machi 8

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima, mgongo unaniua, na wewe huna adabu. Konda aliniuliza bei ya maini.

Umekata vizuri. Taya ndilo limenisikitisha, limevunjika vipande vitatu. Nondo hiyo ilishikwa na mtu ambaye hakutaka kuacha.

Nimetoa ubongo, nimepaka kidogo kwenye kioo, nikaweka dawa na kuangalia kwa darubini. Kioo kizima kimewaka vidoti vya kijani. Ni kichaa cha mbwa. Mwambie Kamanda wako, ambaye jeshini hakuwahi hata kufagia geti, kwamba majirani hawana habari naye.

Sasa nisikilize vizuri, maana nakujua unavyosoma barua zangu huku unakoroga sufuria. Watu hudhani hii inaingia kwenye damu, kama malaria. Haiendi hivyo. Mate ya mbwa yakishaingia kwenye nyama, virusi vinatulia pale pale kwanza. Kisha vinashika ncha ya mshipa wa fahamu na kuanza kupanda kwa ndani, taratibu, kutoka mkononi mpaka begani, mpaka uti wa mgongo, mpaka kichwani. Safari yote hiyo mwenye mwili anakula, anacheka, analala usingizi. Ukimpima huoni kitu. Ni kama panya ndani ya dari, yupo na humwoni. Aliyeumwa mguuni ana njia ndefu, aliyeumwa usoni ana fupi. Sindano zikimkuta virusi viko njiani, anapona. Vikishaingia kwenye ubongo basi. Hapo ndipo vinateremka tena kwenye mate, koo linajikaza mtu akiona maji, upepo wa mlango unamuumiza, anaweza kumrukia hata mama yake. Na hakuna daktari wa kumrudisha.

Kwa hiyo mkono wako. Umekata kichwa cha mbwa mwenye kichaa kwa mkono wenye kidonda, mfuko ukapasuka, halafu unaniandikia kwamba ulinawa. Ulinawa nini, maji ya kuonjea? Osha tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, sugua mpaka ulie, kisha uende hospitali ya wilaya wakuchome. Zahanati yenu hawana, nimeuliza. Uende leo, siyo utakapomaliza kufua.

Na jambo jingine. Kwenye meno ya pembeni ya Bastola nimekuta kipande cha kitambaa kizito cha kijani, rangi ya kiaskari. Nani pale nyumbani anavaa suruali ya kijani?

Dada yako

*

Machi 14

Dada,

Shikamoo. Nimeosha mpaka nimelia, umefurahi?

Suruali ni ya Kamanda, ndiyo. Anasema Bastola alishika kitambaa tu, meno hayakufika kwenye nyama. Nilimwambia habari ya sindano akaniambia nirudi jikoni. Mimi nitaenda wiki ijayo. Funguo za geti anakaa nazo yeye, na siku hizi ana shughuli nyingi.

Najua konda amekwambia kuhusu mdomo wangu. Yule mtu angekuwa redio angekesha hewani bila umeme. Haya, ni kweli, jino limetoka na mdomo umevimba, na ni Kamanda. Lakini dada, usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Siyo yeye. Hajawahi kuwa hivi. Huyu ni mtu ambaye akinunua soda ananiletea nusu. Tangu Bastola afe amebadilika. Nikigonganisha vikombe anaruka kama amepigwa shoti. Juzi nilimpa maji ya kunywa akaitupa glasi ukutani, akasema yananuka. Macho mekundu. Hasira inakuja ghafla, inafanya kazi yake, inaondoka, kisha anakaa kitandani anatazama mikono yake.

Nimekuwa nikifikiria panya wako wa kwenye dari. Je, haiwezekani vimeshamfikia? Mtu akianza, hasira zake zinaanzaje? Niambie wewe unayejua.

Risasi naye amekufa, Kamanda amemwua kabla hajabadilika. Amebaki Bomu, na yule jike mdogo anayemwita Kombora. Mimi namwita Sukari, kimoyomoyo. Anakula mkononi mwangu bila kunigusa na meno.

Mdogo wako

*

Machi 17

Mdogo wangu,

Naandika nimesimama.

Toka kwenye chumba hicho. Usilale naye, usile naye chombo kimoja, usimfute mdomo. Akikukimbilia, jifungie jikoni usukumie meza mlangoni.

Wiki mbili ni haraka mno kwa mguu, hilo linanisumbua. Lakini huenda aliumwa na mbwa mwingine zamani akaficha, ndivyo wanaume walivyo. Dalili zote zipo: maji, kelele, hasira inayokuja na kuondoka, mtu anayetazama mikono yake. Nimezisoma mara ngapi kwenye mafaili ya watu waliokwisha kufa! Nimepiga simu hospitali ya wilaya. Nimewaambia nani anaumwa na nini na wamekubali kuja kumchukua kwa gari lao, watu wanne, na kamba. Wakija, waoneshe na mkono wako.

Nilimcheka sana yule bwana. Nilimwita jina hili na lile mbele ya watoto wangu. Leo nimelia kwa ajili yake chooni, kazini, ili wenzangu wasinione. Pole sana, mdogo wangu. Siyo yeye, umesema kweli. Ni huo ugonjwa.

Dada

*

Machi 23

Dada,

Mwandiko usikutishe, naandika kwa mkono wa kushoto.

Walikuja kweli. Kulikuwa na wateja watatu getini wamekuja kuangalia Bomu. Wale wanne wakashuka na blanketi na kamba, wakamwambia Kamanda atulie. Unajua alivyo mbele ya wateja. Wa kwanza alimvunja pua kwa kichwa. Wa pili alimpiga teke akamwachia ngumi mpaka akalala juu ya mabakuli ya mbwa. Wakamwangusha hatimaye, wakamfunga kwa kamba yake mwenyewe ya kufundishia, wakamburuta uso chini mpaka kwenye gari, na wale wateja wanatazama. Mmoja alikuwa anacheka. Mimi nilisimama mlangoni na mkono wangu. Hakuna aliyeniuliza kitu, gari likaondoka.

Huko hospitali daktari akampa maji. Akanywa kikombe. Akanywa cha pili. Cha tatu akakinywa polepole anamtazama daktari machoni, akaomba cha nne. Wakaanza kucheka wote, daktari na wauguzi. Daktari akamuuliza, je, uliumwa na mbwa? Sindano ziko pale mezani, dada, kwenye trei. Akajibu, niumwe na mbwa niliyemfundisha mwenyewe? Wakamfungua kamba, wakamwomba radhi, wakampa nauli ya kurudi. Haya yote nimeyasikia kutoka kwake, aliyasimulia huku anafanya alichokifanya.

Alinivuta kwa nywele kutoka jikoni mpaka kwenye banda la Bastola. Akanivisha mnyororo wa mbwa shingoni. Akasimama na nondo, akaniambia, kaa. Nikakaa. Simama. Nikasimama. Kaa. Nilichelewa, nondo ikatua kwenye mkono wa kulia nikasikia mfupa. Nimekaa na kusimama mpaka miguu ikakataa, na kila nikichelewa analipiga lile bakuli la Bastola kando ya kichwa changu, ili nijue lijalo. Mwisho akanikanyaga tumboni kwa buti akaenda kuoga. Sukari alijibana kwangu akalamba mnyororo mpaka asubuhi.

Dada, kichwani hana virusi. Ni yeye.

Ni yeye tangu mwaka wa kwanza. Simu haikuanguka kwenye ndoo, aliipondea ukutani. Bawaba haikunigonga. Glasi amekuwa akirusha tangu tunaoana, na kutazama mikono ni mtindo wake, kisha ananiuliza kwa nini namlazimisha. Soda ni kweli. Nilikuandikia vile kwa sababu uliposema kuna ugonjwa unaomfanya mtu aume aliowapenda, nilifurahi. Nikataka awe nao. Mtu akiwa na mume mgonjwa watu wanamletea pole. Mtu akiwa na mume wa namna hii wanamuuliza amefanya nini.

Na sasa sikia ucheke. Aliumwa kweli. Nimeifua mwenyewe ile suruali. Ina matundu matatu kwenye shavu la mguu, na damu kwa ndani. Kwa hiyo vipo vinapanda, na yeye anatembea mtaani anajisifu kwamba hospitali imempima ikamkuta mzima.

Mimi sijachomwa bado.

Mdogo wako

*

Machi 25

Mdogo wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako, nikaenda kuvunja vyombo vya maabara. Viwili. Nitalipa.

Kazi yangu ni kutafuta mdudu kwenye kichwa. Ukanipa kichwa cha mume wako nikatafuta mdudu, nikamkuta, maana ndicho ninachojua kutafuta. Sikuuliza hata mara moja kama ni mtu tu. Kisha nikamtumia watu wenye kamba na kumrudisha kwako akiwa na hasira ya kuchekwa. Huo mkono umevunjwa na yeye, lakini nondo niliinoa mimi. Nakupenda, na nina aibu.

Sasa fuata amri yangu moja na ya mwisho, ukifika hapa nitakuwa mpole. Basi la Jumanne litasimama ukutani kwenu, upande wa mabanda. Nimeongea na konda, siku hizi nampenda yule mtu na domo lake. Yeye na dereva watapanda kwenye keria juu ya basi. Wewe panda juu ya banda la Bastola, upe ukuta mgongo, watakushika kwapani watakuvuta. Utapiga kelele kwa ajili ya mkono, piga. Usibebe kitu. Ukishafika, sindano ya kwanza nitakuchoma mwenyewe hata kama muuguzi atakasirika.

Chini ya barafu kuna pakiti ya sindano. Siyo zako, ni zake. Nilipakia sanduku nikazitoa, nikazirudisha, nikazitoa tena. Nimeziacha. Siwezi kukueleza kwa nini, usiniulize. Ziweke mezani na karatasi hii ndogo, imeandikwa kwa herufi kubwa aende nazo zahanati achomwe leo. Mwenyewe atachagua.

Usimwage machozi juu ya paa, linateleza.

Dada

*

Aprili 6

Kwa mke wangu, huko maabara kwa dada yako.

Fungua sanduku.

Huyo ni Kombora. Uliyemwita Sukari. Ulidhani sisikii? Nasikia kila kitu kwenye nyumba yangu. Alikaa getini anakungoja, hataki kula mkononi mwangu. Nilimwamuru aje akaja, akakaa, nikamaliza. Yeye anajua kutii kuliko wewe.

Sindano zenu nimezikanyaga kwa buti, moja moja, mbele ya konda wenu. Mimi ni mzima. Nimepimwa na daktari. Vikombe vitatu. Dada yako anaweza kusoma ubongo wa mbwa, wangu hawezi.

Una mpaka mwisho wa mwezi kurudi. Usiporudi nakuja, na sanduku la pili litakuwa kubwa kuliko hili.

Kamanda

*

Aprili 10

Kwa Kamanda,

Kichwa ulichotuma kimepokelewa na kupimwa. Ubongo ni safi, hakuna kidoti hata kimoja. Mnyama huyo alikuwa mzima kabisa. Uliua jike mzima aliyekuja ulipomwita.

Hayo ni majibu ya maabara. Yanayofuata ni ya kwangu.

Mdogo wangu amechomwa. Mkono uko kwenye plasta. Analala mchana, anaamka akisikia mlango, analala tena. Polisi wana barua yako ya tarehe sita na picha za shingo yake. Ukija, njoo umeoga, rumande hawana bafu.

Na mguu wako. Una matundu matatu kwenye shavu la mguu wa kushoto, usinibishie, suruali ilifuliwa na mtu niliye naye hapa. Mbwa aliyekuuma nimemwona kwa macho yangu chini ya darubini. Maji uliyokunywa hospitali hayakuthibitisha kitu ila kwamba siku ile ulikuwa na kiu. Vilikuwa viko gotini labda, au pajani. Leo viko juu zaidi. Ukienda sasa hivi ukasema neno moja tu, "niliumwa", watakuchoma na huenda ukapona. Neno hilo huwezi kulisema kwa sababu daktari na wauguzi walicheka.

Sikupendi, shemeji. Nikisikia umekufa sitafunga kitambaa cha msiba kichwani. Na bado nakwambia, nenda.

Dada wa mke wako

*

Mei 19

Mke wangu,

Natupa barua hii juu ya ukuta kwa konda. Naomba aifikishe. Naandika kidogo kidogo, mkono unaruka.

Ilianza mguuni. Pale pale. Kuwasha, kisha kama siafu ndani ya nyama wanapanda. Nilijikuna mpaka damu. Kisha homa, kisha usingizi ukakataa. Jana nimefungua bomba ninawe uso, na kwa ile sauti tu ya maji koo likafunga. Nilidhani nakufa pale. Nina kiu ambayo sijawahi kuiona na nikiinua kikombe mwili mzima unaruka nakitupa. Mlango ukifunguliwa upepo unanichoma usoni. Nimeziba madirisha kwa magodoro.

Nilienda hospitali kwa miguu. Muuguzi wa zamu akanitambua. Akasema, wewe si yule wa vikombe vitatu? Akaita wenzake waje wanione. Nilitaka kusema niliumwa, mate yakanijaa, nikamshika yule muuguzi shingo. Nilimtupa juu ya meza. Sikumwuma, nakuapia sikumwuma, lakini nilitaka. Nikakimbia.

Nimerudi nimeingia kwenye banda la Bastola. Nimejifunga ule mnyororo, mguu huu na ukuta. Bomu nilimfungulia geti kwanza akaenda zake, nikalifunga tena. Kila baada ya muda inakuja, naliuma bakuli, navunja mbao, nasikia sauti yangu nadhani ni Bastola. Kisha inaondoka nakuwa mimi kama sasa, na ndipo naandika.

Nilikuambia kaa. Nakumbuka. Ulikuwa unakaa na kusimama na mimi nilikuwa nahesabu. Nakumbuka jino. Nakumbuka simu. Sukari alikuja ananitikisia mkia. Samahani. Sijui kama nimewahi kuliandika hili neno, nimeliandika vibaya, samahani mke wangu. Hukunilazimisha kamwe.

Njoo. Usinikaribie, simama tu nje ya wavu nikuone. Naogopa sana.

Mumeo

*

Mei 21

Baba wa nyumba ile,

Barua yako imefika. Dada alitaka kuisoma kwanza kwa glavu, nikamwambia alete.

Siji.

Nakwambia kwanza yanayokufaa. Dada amepiga simu hospitali ya wilaya tena. Safari hii amesema ukweli wote, kwamba uliumwa, lini, wapi, na kwamba yeye mwenyewe alimpima mbwa. Daktari amesema wanakuja. Yule muuguzi uliyemshika shingo ameanza kuchomwa sindano, ni mzima. Wakija usipigane nao. Hawawezi kukuponya, na sitakudanganya kwamba wanaweza, tumedanganyana vya kutosha. Lakini wana dawa ya usingizi na chumba chenye giza kisicho na upepo. Utalala, na kiu utaisahau. Hicho ndicho kilichobaki, na nimewaomba wakupe mapema.

Mimi nimemaliza sindano zangu. Mkono umeunga umepinda kidogo, sufuria nabeba kwa kushoto.

Nilisoma samahani yako mara mbili. Kisha nikamuuliza dada, huyu aliyeandika ni nani? Ni mume wangu, au ni vile virusi vilivyo kichwani mwake? Akasema ubongo ukishaguswa mtu anaweza kuuma, anaweza kulia, anaweza kuomba radhi, na hajawahi kuona darubini inayoonyesha ni nani anasema. Amesema hajui.

Basi nimeamua mwenyewe. Zamani nilikuwa nakuondolea hasira zako navipa virusi, hata kabla hujawa navyo. Nikitaka samahani hii iwe yako, inabidi na zile hasira nizirudishe kwako, kila nondo, kila kaa na kila simama. Nimezirudisha. Ni zako zote. Na samahani ni yako. Nimeipokea, na imeniuma kuliko mkono, nimeilia jikoni kwa dada mpaka chakula kikaungua. Nilikupenda, ukitaka kujua. Hilo halikuwa ugonjwa.

Sukari alikuwa mzima. Nimeona majibu.

Konda atakutupia barua hii juu ya ukuta, maana geti lako bado limefungwa. Wale wa hospitali wakifika hawatakuwa na pa kupita. Funguo unazo wewe. Zitupe nje.

Mimi